Biashara Haigombi? Tiro na Karthago Zajibu

Wahenga walisema biashara haigombi. Ni neno la busara kwa mwenye duka anayetaka mteja wake arudi kesho. Lakini neno hilo likifanywa kuwa kanuni ya historia ya mataifa, hugeuka kasumba. Na kasumba hiyo ndiyo inayoenezwa mara kwa mara inapotajwa habari ya Wafoinike wa kale. Wako wasomi, na wako walimu wanaowafuata bila kuhoji, ambao huwasifu mabaharia hao kwa wimbo mmoja: kwamba walitajirika kwa amani; kwamba hawakuteka nchi za watu; kwamba walichukua bidhaa huku na kuzipeleka kule, kila mmoja akapata alichohitaji, na faida ikawa ujira wa haki wa ujasiri na werevu wao. Kutokana na hayo wasomi hao huhitimisha kwamba biashara ikiachwa ijiendeshe yenyewe huwaneemesha wote.

Hoja hiyo haina msingi. Ushahidi uliopo, ule ulioandikwa na ule uliochimbwa ardhini, unaonyesha wazi kwamba nguvu ya Wafoinike haikutokana na ufundi wa kununua na kuuza peke yake. Ilitokana na kumiliki vitu vitatu: chombo, njia na habari. Aliyekuwa navyo alipanga bei. Asiyekuwa navyo alilipa. Na mara nyingi aliyelipa hakuwa hata yule aliyeketi kwenye mapatano, bali mkulima, mpasua mawe na mchimba madini ambaye jina lake halikuandikwa popote.

HESHIMA WANAYOSTAHILI

Haki itendeke kwanza. Wafoinike walikaa katika ukanda mwembamba wa pwani ambao sehemu yake kubwa leo ni nchi ya Lebanoni, bahari ya Mediterania ikiwa mbele yao na milima ya mierezi nyuma yao. Hawakuwa na dola moja. Tiro, Sidoni, Byblos na Arvad ilikuwa miji iliyojitegemea, kila mmoja na mfalme wake. Na hata hilo jina la Wafoinike walipewa na Wayunani. Dola kubwa za mashariki ya Mediterania zilipoporomoka au kudhoofika kuanzia mwaka 1200 K.K. hivi, miji hiyo ilipata nafasi na ikaitumia. Kufikia karne ya 8 K.K. ilikuwa na vituo na makoloni huko Kupro, Sisilia, Sardinia, Afrika ya Kaskazini na Hispania, ambako mji wa Gadir, unaoitwa leo Cádiz, ulijengwa ng'ambo ya mlango wa Mediterania, ukitazama bahari kuu. Karthago, iliyokuwa katika nchi ya Tunisia ya leo, ilijengwa na watu wa Tiro mwaka 814 K.K. kwa mujibu wa mapokeo.

Elimu nayo inawadai shukrani. Alfabeti yao ya herufi 22 ilichukuliwa na Wayunani, na kutoka kwa Wayunani ikazaa herufi za Kirumi ambazo Kiswahili kinaandikwa kwazo leo. Herufi za Kiarabu, ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo kwa karne nyingi, nazo zina asili hiyo hiyo kupitia Kiaramu. Isitoshe, Herodotus, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 5 K.K., anasimulia kwamba Farao Neko wa Misri aliwatuma mabaharia wa Kifoinike wazunguke bara zima la Afrika kuanzia Bahari ya Sham, wakatumia zaidi ya miaka miwili. Herodotus alikataa kusadiki jambo moja: kwamba walipozunguka kusini mwa bara jua lilikuwa upande wao wa kulia. Lakini mwalimu yeyote wa jiografia anajua kwamba mtu aliye mbali kusini mwa Ikweta, akielekea magharibi, huliona jua kuliani mwake. Kama safari hiyo ilifanyika, basi merikebu hizo zilipita katika pwani ya Afrika Mashariki.

Vile vile yafaa yakanushwe matusi ya kale. Wayunani na Warumi, wapinzani wao katika biashara na vita, waliwaandika Wafoinike kama taifa la walaghai, hata Warumi wakafanya "uaminifu wa Kipuni" kuwa jina la usaliti. Wafoinike hawakubakiwa na vitabu vya kujitetea. Karthago ilipoteketezwa mwaka 146 K.K., Warumi waligawa maktaba zake kwa wafalme wadogo wa Afrika, wakajihifadhia vitabu 28 vya Mago vya kilimo, ambavyo Baraza la Roma liliamuru vitafsiriwe. Aliyeshinda vita ndiye aliyeandika historia. Hakuna taifa linalozaliwa na ulaghai katika damu.

Lakini kumtetea mtu asitukanwe si sawa na kumvika utakatifu. Wanaowatukana Wafoinike na wanaowasifu kupita kiasi wanafanya kosa moja: wote hutazama tabia ya mfanyabiashara, wakaacha kutazama mizani aliyoishika mkononi.

BEI HUFUATA NGUVU

Hebu itazamwe safari ya Wenamun, iliyohifadhiwa katika simulizi ya Kimisri inayohusu mwaka 1075 K.K. hivi. Wenamun, mtumishi wa hekalu la Amun, alitumwa Byblos kutafuta magogo ya mierezi kwa ajili ya merikebu takatifu ya mungu wake. Zamani Misri ilikuwa dola ya kuogopwa pwani hiyo. Sasa ilikuwa dhaifu, na mjumbe wake alifika mikono mitupu, kwa maana alikuwa ameibiwa njiani. Zakarbaal, mtawala wa Byblos, alimwamuru aondoke bandarini siku baada ya siku. Hatimaye alipomsikiliza aliagiza daftari za babu zake zisomwe, ikaonekana kwamba hata enzi ya ukuu wa Misri mierezi ililipiwa. Hakutoa magogo mpaka mali ilipoletwa kutoka Misri: dhahabu, fedha, karatasi za mafunjo 500, ngozi za ng'ombe 500, kamba 500, dengu na samaki. Ndipo akatoa watu 300 na maksai 300 kwenda kukata miti.

Msifu wa biashara huria atashangilia kwamba hapo palikuwa na mapatano ya haki kati ya muuzaji na mnunuzi. Na ajiulize: ni nini kilichobadilika? Mti ni ule ule, na mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni nguvu. Farao mwenye majeshi hafukuzwi bandarini. Aliyenyang'anywa nguvu huambiwa alipe kwanza. Tena wale watu 300 waliopanda mlimani na mashoka, simulizi haisemi walipata nini katika dhahabu ile.

Mfano wa pili unafahamika kwa kila msomaji wa Biblia. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinaeleza mapatano ya Sulemani na Hiramu, mfalme wa Tiro. Hiramu alitoa mierezi, misunobari na mafundi, na kuyaeleza magogo baharini. Sulemani alitoa kila mwaka kori 20,000 za ngano pamoja na mafuta. Tiro ilikuwa na merikebu na mbao, ila haikuwa na mashamba ya kutosha. Israeli ilikuwa na mashamba. Mpaka hapo mambo yanapendeza. Lakini kitabu hicho hicho kinasema kwamba ili kutimiza kazi hiyo Sulemani alitoza shokoa ya watu 30,000, akiwapeleka Lebanoni kwa zamu ya 10,000 kila mwezi, mbali na wachukuzi wa mizigo 70,000 na wachonga mawe 80,000. Na ilipotimia miaka 20 ya ujenzi, Hiramu alipewa miji 20 ya Galilaya, naye alipoikagua hakupendezwa nayo.

Wanahistoria wanabishana juu ya hesabu hizo, na ni haki yao. Lakini maana ya habari hii haibishaniwi. Wafalme wawili walipatana kwa undugu, na mkulima akalipa kwa ngano, kwa mgongo wake, na mwisho kwa kijiji chake chenyewe. Sulemani alipofariki, makabila ya kaskazini yalimtaka mwanawe Rehoboamu apunguze kongwa hilo. Alipokataa waliasi, na Adoramu, msimamizi wa shokoa, akapigwa mawe hadi kufa. Hivyo ndivyo watu ambao hawakuitwa kwenye mapatano walivyotoa maoni yao juu ya mapatano hayo.

FEDHA YA MAGHARIBI

Wafoinike hawakwenda Hispania kutazama machweo ya jua. Walifuata madini, hasa fedha ya eneo la Riotinto na Huelva, ambako makapi ya madini yaliyoyeyushwa zamani yamelundikana kama vilima. Diodorus wa Sisilia, aliyeandika katika karne ya 1 K.K., anasema kwamba wenyeji hawakujua thamani ya fedha yao, na wafanyabiashara wa Kifoinike waliinunua kwa vitu vidogo vidogo, kisha wakaiuza Uyunani, Asia na kwingineko kwa faida kubwa. Anaongeza kwamba merikebu ziliposheheni hadi fedha ikabaki pwani, walikata risasi iliyokuwa katika nanga zao wakaweka fedha mahali pake. Huenda habari ya nanga imetiwa chumvi. Lakini utajiri wa namna hiyo, asema Diodorus, ndio uliowawezesha Wafoinike kupeleka makoloni Sisilia, Libia, Sardinia na Hispania.

Watetezi watadai kwamba kila upande ulipata ulichotaka. Ni kweli kwamba wakubwa wa Hispania walipata. Makaburi ya La Joya, huko Huelva, yalikutwa na vyombo vya shaba, kazi za pembe za ndovu na hata gari la kukokotwa na farasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji aliyepona alikuwa yule mwenye cheo. Aliyeingia shimoni kuchimba hakuzikwa na gari. Biashara ya namna hiyo haikuhitaji jeshi la wageni, kwa sababu tabaka la wakubwa wa hapo hapo lilifanya kazi ya jeshi.

Na habari ilifichwa kama silaha. Strabo, mwanajiografia wa Kiyunani, anasimulia juu ya nahodha wa Kifoinike aliyekuwa akielekea visiwa vya bati, huku akifuatwa na merikebu ya Kirumi iliyotaka kuijua njia. Nahodha huyo aliipandisha merikebu yake kwenye kina kifupi kwa makusudi, na wale waliomfuata wakaangamia pamoja nayo. Yeye aliokoka juu ya kipande cha mbao, na serikali ya mji wake ikamlipa thamani ya shehena yote aliyoipoteza. Mji hulipa fidia namna hiyo pale tu inapojua kwamba siri ya njia ina thamani kuliko shehena ya merikebu moja. Je, huo ndio ushindani huru unaosifiwa?

Lipo pia jambo ambalo nyimbo za sifa hulinyamazia kabisa, nalo ni biashara ya watu. Nabii Ezekieli, katika orodha yake ya bidhaa za Tiro, anawataja wanadamu pamoja na vyombo vya shaba. Yoeli anazilaumu Tiro na Sidoni kwa kuwauza watu wa Yuda kwa Wayunani, na Amosi anailaumu Tiro kwa kulitoa taifa zima mikononi mwa Edomu. Homer naye katika Odyssey anamweleza Eumaeus, mtoto wa mfalme aliyeibwa na mabaharia wa Kifoinike akauzwa ugenini. Mashahidi wa Kiebrania na Wayunani hawakuwa na mkutano wa kupanga ushahidi wao. Na ieleweke kwamba Wayunani hao hao walikuwa wanunuzi na wauzaji wa watumwa. Dhambi hiyo haikuwa ya kabila moja, ilikuwa ya mfumo.

MFANYABIASHARA CHINI YA DOLA

Hoja kubwa ya wasifu ni kwamba Tiro haikuhitaji dola. Ukweli ni kwamba Tiro iliishi chini ya kivuli cha dola, na ikalipia kivuli hicho. Mfalme Tiglath-Pileser III wa Ashuru, aliyetawala kuanzia mwaka 745 hadi 727 K.K., alipokea kutoka kwa Metenna wa Tiro talanta 150 za dhahabu. Barua ya ofisa wake Qurdi-Ashur-lamur, iliyochimbuliwa Nimrud, inaeleza hali ilivyokuwa bandarini. Watu wa Tiro waliruhusiwa kuingia na kutoka katika nyumba za biashara, kuuza na kununua, na kupanda Lebanoni kuteremsha magogo; lakini ofisa aliwatoza ushuru na kuweka watoza ushuru katika gati. Watu wa Sidoni walipomfukuza mtoza ushuru wao, askari walipelekwa milimani, na muda si mrefu mtoza ushuru akarudishwa. Kisha ikatolewa amri: kateni magogo na mfanye kazi zenu, lakini msiwauzie Wamisri wala Wafilisti.

Miongo michache baadaye, baada ya Sidoni kuangamizwa mwaka 677 K.K. hivi, Mfalme Esarhaddon wa Ashuru alifunga mkataba na Baali, mfalme wa Tiro. Mkataba huo ulitaja bandari ambazo watu wa Tiro walipewa ruhusa ya kufanya biashara. Uliamua kwamba merikebu ikivunjika katika pwani iliyotajwa, mali yote iliyomo ni ya mfalme wa Ashuru, ingawa watu wake wasidhuriwe. Na uliamuru kwamba Baali asifungue barua kutoka Ashuru pasipo ofisa wa Ashuru kuwapo. Mfalme wa mji uliojaza bahari kwa merikebu zake hakuwa na ruhusa ya kufungua barua peke yake! Aliyepanga bei Hispania alipangiwa barua nyumbani kwake. Na ni wazi kwamba kadiri Ashuru ilivyodai madini na mali kutoka Tiro, ndivyo Tiro nayo ilivyokuwa na sababu ya kuyafuata mpaka mwisho wa bahari. Mzigo uliwekwa Ninawi na kuteremshwa kwa mchimba madini wa magharibi.

KARTHAGO YAVUNA ILICHOPANDA

Karthago ilichukua njia nyingine. Haikuridhika kuwa mtoza wa dola ya wengine. Yenyewe ikawa dola. Polybius ameandika masharti ya mkataba wake wa kwanza na Roma, anaouweka katika mwaka 509 K.K. Warumi walikatazwa kupita rasi fulani. Aliyesukumwa huko na dhoruba hakuruhusiwa kununua kitu ila cha kutengenezea chombo chake au cha kutolea sadaka, tena aondoke katika siku tano. Katika Libia na Sardinia mauzo yalifanyika mbele ya karani au mpiga mbiu wa serikali. Mkataba wa pili, unaowekwa kwa kawaida katika mwaka 348 K.K., uliwafungia Warumi biashara yote ya Sardinia na Libia. Bahari iliyosemwa kuwa ya wote ilitiwa kufuli, na ufunguo ukawekwa Karthago.

Je, wenyeji wa Libia walifaidi nini? Polybius anajibu. Katika vita vya kwanza na Roma, kuanzia mwaka 264 hadi 241 K.K., Karthago iliwanyang'anya wakulima wa Libia nusu ya mazao yao na kuiongezea miji kodi maradufu. Watawala waliosifiwa hawakuwa wale waliowatendea watu kwa upole, bali waliokamua zaidi. Vita vilipokwisha kwa kushindwa, Karthago ilijaribu kupunguza mishahara ya askari wa kukodiwa. Askari waliasi chini ya Spendius, mtumwa mtoro kutoka Italia, na Mathos, Mlibia. Wakulima wa Libia hawakungoja kushawishiwa. Polybius anasema hata wanawake walivua mapambo yao wakayatoa ili kulipia mishahara ya waasi, kwa kuwa walikuwa wamewaona waume na baba zao wakikamatwa kwa ajili ya kodi. Vita hivyo viliendelea miaka mitatu na zaidi, Karthago ikanusurika kwa taabu, na Roma ikaitwaa Sardinia wakati huo huo.

Wanawake hao wa Libia ndio ushahidi ambao msifu wa biashara ya amani hana jibu nao. Mtu havui kipuli chake kulipia vita dhidi ya mfadhili wake.

KAZI YA MWALIMU NA MTUMISHI WA UMMA

Mwisho wa miji hiyo unajulikana. Mwaka 332 K.K. Aleksanda wa Makedonia alijenga njia ya mawe baharini mpaka kisiwa cha Tiro, akauteka mji baada ya miezi saba; na kwa mujibu wa Arrian watu 30,000 waliuzwa utumwani. Soko lililouza watoto wa wengine likauza wa kwake. Hilo si jambo la kushangilia. Ni jambo la kufundishia.

Mwalimu anayefundisha kwamba Wafoinike walikuwa mabaharia hodari amefundisha nusu ya somo. Nusu ya pili ni maswali ambayo mwanafunzi hana budi kuyauliza mbele ya kila ramani ya njia za biashara. Chombo ni cha nani? Nani anaijua bei ya mwisho wa safari, na nani amefichwa? Chombo kikizama, hasara inamwangukia nani na mali iliyookolewa ni ya nani? Nani anatoa jasho lakini hakuitwa kwenye mapatano? Mtumishi wa umma anayeketi kusoma mkataba wa leo anahitaji maswali hayo hayo, kwa maana mkataba wa Esarhaddon na ule wa Karthago haikufichwa hata kidogo. Kila sharti liliandikwa waziwazi. Madhara hayakutoka katika maneno yaliyokosekana, bali yalitoka kwa aliyekuwa na uwezo wa kuandika na kwa yule aliyekuwa na kazi ya kutii tu.

Basi wanaotaka kuutumia mfano wa Foinike kuthibitisha kwamba biashara haigombi, wausome mpaka mwisho. Biashara hiyo ilionekana tulivu kwa sababu waliolipa hawakuwapo mezani. Walipopata nafasi ya kusema, wakulima wa Israeli walisema kwa mawe, na wakulima wa Libia wakasema kwa silaha. Ni heri kuwasikiliza watu wa namna hiyo wakati bado wanazungumza.